Kabla ya kununua pompi ya kinga



Leo tuongee juu ya kitu kidogo ambacho nyumba zetu nyingi hazina, na zile zilizo nacho mara nyingi zimekinunua vibaya: pompi ya kinga, ile ya kubeba safarini.

Sababu ninayo. Mwezi uliopita, siku ya posho, binti yangu wa miaka 14 alikuwa anarudi kutoka Kiliba na kilo 25 za mchele nyuma ya kinga. Mwiba ukaingia katika mpira wa nyuma. Viraka alikuwa navyo, gundi alikuwa nayo, na pompi mpya niliyomnunulia mimi mwenyewe alikuwa nayo. Akaziba tundu vizuri, kama mjomba wake alivyomfundisha. Kisha akapiga pompi. Akapiga mpaka mikono ikatetemeka, na mpira ukabaki laini kama muhogo uliolowekwa. Jua linashuka, ikabidi aanze kuomba upepo kwa wapita njia. Wawili hawakusimama. Wa tatu alikuwa na pompi nzuri, lakini kabla ya kuitoa alitaka kwanza kujua binti anaishi wapi, na kama ana simu. Binti akamwambia asante, akasukuma kinga kwa miguu mpaka Kavimvira. Alifika nyumbani usiku, amenyamaza.

Hakuna baya lililompata, tumshukuru Mungu. Lakini usiku ule niliishika ile pompi mkononi nikaona kwamba kosa lilikuwa langu. Niliinunua kwa macho. Ilikuwa ndogo, inang'aa, na bei yake ilikuwa nzuri. Sikuijaribu hata mara moja. Tangu hapo nimekaa na mafundi, nimeuliza, nimepima. Niliyoyapata ni haya.

Jambo la kwanza ni mdomo wa pompi. Pale upepo unapoingilia kwenye mpira panaitwa valvu, na valvu si za namna moja. Kinga zetu kubwa za kubebea mizigo, zile za inchi 28, nyingi zina valvu ya zamani: kuna kofia ya kukaza, na ndani yake kapira kembamba kanakozuia upepo usirudi. Kinga za namna ya milima, zenye mipira minene, nyingi zina valvu nene kama ya pikipiki. Na kinga za mashindano zina valvu nyembamba ya Kifaransa, yenye kincha kidogo cha kufungua kabla ya kujaza. Pompi inayoshika ile nyembamba ya Kifaransa hushika pia ile ya zamani ya kinga zetu. Lakini pompi yenye mdomo wa valvu nene haiwezi kuibana hiyo ya zamani, upepo unatoka pembeni. Hilo ndilo lililompata binti yangu. Angepiga pompi mpaka asubuhi, mpira usingejaa.

Kwa hiyo usiende kununua pompi mikono mitupu. Nenda na kinga yenyewe, au beba mpira wa ndani wa zamani wenye valvu yake. Pompi nyingine zina midomo miwili, au kipande cha kugeuza ndani. Hizo ni nzuri kwa nyumba yenye kinga za namna mbili, ila hakikisha muuzaji anakuonyesha jinsi ya kugeuza.

Jambo la pili ni mkono wa atakayeitumia. Hapa ndipo wengi tunadanganyika, kwa sababu pompi inajaribiwa na muuzaji, kijana mwenye nguvu, halafu inapelekwa kwa mtoto. Tufanye hesabu kidogo. Mafundi wetu wanapima upepo kwa kilo, maana yake ni kilo ngapi zinasukuma kila sentimeta ya mraba. Angalia ubavuni mwa mpira wako, mara nyingi kuna namba imeandikwa. Ukiona PSI 45, hiyo ni zaidi kidogo ya kilo 3. Sasa, pompi yenye tundu la ndani la upana wa sentimeta 2 ina uso wa sentimeta za mraba 3 hivi. Mpira ukifika kilo 3, mkono unasukuma karibu kilo 10, kama bidoni ya lita 10. Binti anaweza. Lakini pompi yenye upana wa sentimeta 3 ina uso wa sentimeta za mraba 7, na mwisho inadai kilo 21. Hiyo ni bidoni nzima ya maji ya lita 20, kila mara unaposukuma. Pompi ya kusimama chini si shida, maana unailalia na mwili wote. Lakini kwa pompi fupi ya mkononi, msichana anakwama mpira ukiwa umejaa nusu.

Ila nyembamba nayo ina bei yake. Mpira wa inchi 28 unabeba zaidi kidogo ya lita 2, na kuufikisha kilo 3 unahitaji kuingiza kama lita 7 za upepo. Pompi nyembamba yenye urefu wa kusukuma wa sentimeta 15 inaingiza kidogo sana kila mara. Hesabu mara 150, na zaidi kama kuna upepo unaopotea. Kwa hiyo tafuta iliyo nyembamba lakini ndefu kadiri kinga inavyoweza kuibeba. Na umfundishe mtoto kuhesabu. Akijua ni mara 150, akifika 80 hatakata tamaa akidhani pompi imekufa.

Jambo la tatu ni kamrija. Pompi inayoshika valvu moja kwa moja, bila mrija, inaitikisa valvu kila unaposukuma, na mtu aliyechoka anaitikisa zaidi. Valvu ikipasuka shina lake, kiraka hakisaidii tena, na mpira wa ndani umekwisha. Chukua yenye kamrija laini ka kukaza kwenye valvu. Angalia mrija huo usiwe na nyufa pale unapoingia katika chuma.

Jambo la nne ni moyo wa pompi, kile kikombe kidogo kilicho ndani kinachosukuma upepo. Kama ni cha ngozi, kinakauka, na kikikauka kinapitisha upepo. Kifungue mara kwa mara, tia matone ya mafuta, kikande kwa vidole mpaka kilainike, urudishe. Kama ni cha mpira, usitie mafuta ya motokari wala petroli, vinakiharibu. Muulize muuzaji kama kikombe hicho kinapatikana peke yake. Pompi ambayo moyo wake haubadilishwi, siku ukichoka unaitupa yote.

Kuna majaribio mawili ya kufanya kabla ya kufungua kitambaa cha pesa. Kwanza, ziba mdomo wa pompi kwa kidole gumba, kisha sukuma. Pompi nzima inakataa, na ukiuachilia mkono inakurudisha nyuma. Ikiingia taratibu mpaka mwisho bila ubishi, inavuja, iache. Pili, toa upepo katika mpira wako hapo hapo sokoni, na umwambie atakayesafiri na kinga aujaze mwenyewe, mpaka kidole kikibonyeza hakiingii. Muuzaji akikasirika, nenda kwa mwingine. Mwenye pompi nzuri hana sababu ya kuogopa.

Kuna wanaosema: kwa nini mahangaiko haya yote, na mafundi wako kila mahali barabarani? Mjini ni kweli. Kuanzia Mulongwe mpaka Kalundu hutembei sana bila kumpata fundi. Lakini ukishatoka Kavimvira kuelekea Sange, au ukishapita Kalundu kuelekea Makobola na Mboko, kuna vipande virefu visivyo na fundi, na katika uwanda wa Ruzizi miiba haikosekani. Huko, pompi uliyo nayo ndiyo fundi wako.

Kuna jambo lingine tunaweza kulifanya pamoja. Mpira ukiondoka nyumbani laini, na mzigo uko juu, chuma cha gurudumu kinaubana mpira wa ndani kwenye kila jiwe na kuutoboa. Kwa hiyo matundu mengine tunayatengeneza wenyewe asubuhi, kabla hata ya mwiba. Ninapendekeza kila kundi letu la mtaa linunue pompi moja kubwa ya kusimama chini, iwekwe kwa mama mmoja anayeamka mapema. Hiyo inajaza mpira kwa mara 25 hivi. Wanaokwenda mbali wapite hapo wakijaze, na ile ndogo ibaki kwa ajili ya ajali ya njiani. Pompi ndogo isiyotumiwa kila siku inadumu.

Pompi ifungwe kwenye chuma cha kinga kwa kamba ya mpira, isizame chini ya mzigo. Pamoja nayo ziwe viraka, gundi, kipande cha msasa, na kapira kamoja ka akiba ka valvu. Kapira hako ni ka bei ndogo sana, lakini kakikatika, pompi nzuri namna gani haitakusaidia.

La mwisho ni la nyumbani, na wababa wanaotusomea wasikie pia. Pompi ikishanunuliwa, inakuwa ya nani? Katika nyumba nyingi, kaka anaiazima leo, jirani kesho, na siku binti anapokwenda Sange haipo. Nyumbani kwangu nimeweka sheria: pompi inakaa na kinga, na kinga haitoki bila pompi, hata kama aliyeiazima ni mume wangu. Alicheka, kisha akaenda kuirudisha.

Juzi binti yangu alikwenda tena Kiliba. Kabla ya kuondoka alitoa upepo wote, akajaza mwenyewe mbele yangu, akihesabu kwa sauti. Mara 168. Aliporudi jioni nilimuuliza kama mpira ulitoboka. Akasema ndiyo, mara moja. Nikamuuliza aliomba kwa nani.

Akaniangalia kama vile sijui kuuliza. "Mama, niombe nini?"

Tukutane juma lijalo.