Bomba la Moshi la Pembeni Si Pambo

Katika Uingereza na Marekani wako watu wengi ambao hawanunui gari likiwa zima. Hununua chasisi, bodi ya fibaglasi na masanduku ya vipande, wakaitafuta injini kwingine, kisha wakaliunda gari lao wenyewe katika banda la nyumbani kwa muda wa miezi mingi, pengine miaka. Desturi hiyo ilistawi sana Uingereza baada ya Colin Chapman kulitoa gari la Lotus Seven mwaka 1957. Gari lililouzwa kwa vipande halikutozwa kodi ya ununuzi waliyotozwa wenye magari mazima, na kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1973. Nafuu hiyo haipo tena, lakini desturi imebaki, na miongoni mwa magari yanayoigwa sana na waundaji hao ni AC Cobra.

Cobra la asili lilizaliwa mwaka 1962, wakati Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa dereva wa mashindano, alipoitia injini ya Ford yenye silinda 8 ndani ya gari dogo jepesi la kampuni ya AC ya Thames Ditton, Uingereza. Katika yale ya mashindano yenye injini ya lita 7, yaliyofuata mwaka 1965, mabomba ya moshi hayakupita chini ya sakafu. Yalitokeza ubavuni nyuma ya gurudumu la mbele, yakapita chini ya mlango, yakaishia kabla ya kulifikia gurudumu la nyuma. Anayeunda mfano wa Cobra leo huyataka mabomba hayo kabla ya kutaka kitu kingine chochote. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba yanapendeza na yana sauti.

Sina ugomvi na uzuri. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kulihesabu bomba hilo kuwa ni pambo, kitu cha kufungwa mwishoni baada ya kazi zote za maana kwisha. Bomba la pembeni ni sehemu ya injini iliyotolewa nje na kuwekwa karibu na miguu, masikio na pua za watu. Kwa ajili hiyo kulifunga kunastahili hesabu na uangalifu uleule tunaoutumia kwa breki. Nawaandikia walimu na wanafunzi wa sekondari kwa sababu karibu hesabu yote inayohitajika haivuki kiwango cha kidato cha nne, na ni nadra kuipata fizikia ya madarasa manne ikiwa imekusanyika katika kipande kimoja cha chuma.

Tukiri kwanza kwamba mabomba haya hayakubuniwa kwa ujinga. Gari la mashindano huwa chini sana, na bomba linalopita chini ya sakafu hugonga ardhi. Ubavuni pana nafasi, njia ya moshi ni fupi, na joto hukaa mbali na tangi la petroli lililo nyuma. Haya yote ni kweli. Lakini wenye magari ya mashindano walikuwa na mafundi wa kuyakagua kila baada ya mbio, na hawakumchukua shangazi kumpeleka sokoni.

Tuanze na mtanuko. Tuseme bomba lina urefu wa mita 1.5, na halijoto yake hupanda kwa nyuzi 400 za sentigredi tangu injini ikiwa baridi hadi inapofanya kazi nzito. Chuma cha kawaida hutanuka kwa takribani sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Zidisha: 1.5 mara 0.000012 mara 400 ni mita 0.0072, yaani milimita 7 na kidogo. Chuma kisichoshika kutu, ambacho waundaji wengi hukichagua kwa mng'ao wake, hutanuka zaidi, takribani sehemu 17 katika milioni. Bomba lilelile litarefuka kwa milimita 10. Hiyo ni sentimita nzima. Ikiwa fundi amelikaza bomba kwa bolti mbele kwenye injini na nyuma kwenye chasisi, sentimita hiyo itakwenda wapi? Bomba halitaacha kutanuka kwa kuwa limekatazwa. Litajipinda, au litazisukuma bolti, au litapasua pale palipochomelewa, na ufa huo aghalabu hutokea karibu na injini ambako moshi ni wa moto kuliko kwingine kote.

Tena injini yenyewe haitulii. Imebebwa na mipira ili mtetemo wake usiingie katika chasisi, na dereva akikanyaga mafuta ghafla injini hulalia upande mmoja. Basi bomba la kushoto na la kulia hayaendi pamoja; moja huinuka na la pili hushuka. Kwa hiyo tegemeo la nyuma la bomba hapana budi liwe la mpira, tena lenye nafasi ya kuteleza mbele na nyuma. Fundi anayejua kazi yake hulishika bomba kwa nukta chache tu za kuchomelea wakati gari limesimama juu ya magurudumu yake na injini imekalia mipira yake kwa uzito wake wote. Kisha hulitoa, akalichomelea kikamilifu mezani, akalirudisha. Anayepima gari likiwa limeinuliwa juu ya vigingi na injini ikiwa nusu tupu anapima gari jingine.

Wapo wanaosema tegemeo la nyuma halina haja, kwa kuwa bomba ni nene na bolti za mbele ni imara. Hawa wamesahau somo la nyenzo. Bomba na sailensa yake vikiwa na kilo 12, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 90 kutoka kwenye bolti, basi nguvu ya nyutoni 120 mara mita 0.9 ni nyutoni-mita 108 zinazozivuta bolti hizo mchana na usiku, hata gari likiwa limelala bandani. Barabarani kila shimo huiongeza hesabu hiyo.

Ama kuhusu joto la nje ya bomba, wenye magari ya Cobra wana jina lao la mzaha. Mtu akishuka na kuunguza mguu nyuma ya goti au chini yake, husema ameumwa na nyoka. Mimi siuoni mzaha huo kuwa wa kuchekesha. Chuma kitupu chenye nyuzi 70 huweza kuiunguza ngozi kwa mguso wa sekunde moja, na bomba la pembeni lililotoka safarini huwa na joto linalozidi hapo mara kadhaa. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ambaye hajapata kuiona Cobra anaijua hatari hii kutokana na pikipiki. Ni watu wangapi mitaani kwetu wenye kovu la mviringo kwenye shavu la mguu, alama ya kushukia bodaboda upande wa bomba? Jeraha ni lilelile na sababu ni ileile. Tofauti ni kwamba abiria wa bodaboda anaweza kuchagua upande wa kushukia, bali katika Cobra lenye mabomba pande zote mbili hakuna mlango usio na bomba chini yake.

Dawa yake ni ya zamani: bati la pili lenye matundu, lililowekwa mbali kidogo na bomba ili hewa ipite katikati. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida, na hewa inayopita hulichukua joto na kwenda nalo. Bati hilo ndilo linaloguswa na mguu. Nafasi ya namna hiyohiyo inatakiwa kati ya bomba na bodi, maana utomvu unaoshikilia nyuzi za fibaglasi hulainika kwa joto dogo kuliko lile la maji yanayochemka, au karibu nalo, na rangi iliyo juu yake huanza kuvimba mapema zaidi. Lakini bati la kinga huficha mng'ao wa chuma, na hapo ndipo waundaji wengi hukataa kulifunga. Wanayo haki ya kuiunguza miguu yao wenyewe; ya abiria si yao.

Nimeliweka suala la sauti hapa katikati kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalopotoshwa zaidi. Injini ya silinda 8 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwasha mafuta mara 200 kwa sekunde, na kila bomba hupokea mapigo 100. Katika injini ya Ford ya aina hii mapigo ya upande mmoja hayafuatani kwa nafasi sawa: krankishafti huzunguka nyuzi 90, kisha 180, kisha 270, kisha 180 tena kati ya pigo na pigo. Huko ndiko unakotoka ule mngurumo wa kukwamakwama unaowapendeza watu. Kwa kweli ni dalili ya mapigo yasiyopangika. Wahandisi wa Ford walipotaka kuyapanga katika gari la GT40, ambalo injini yake iko nyuma ya dereva, waliyapishanisha mabomba ya pande mbili juu ya injini mithili ya nyoka waliosukana. Katika Cobra kila upande hubaki na mapigo yake.

Basi kelele si kipimo cha nguvu. Faida ya bomba lililopimwa vizuri hutokana na mawimbi ya kanieneo. Vali ya moshi ikifunguka, wimbi hukimbia ndani ya bomba; likifika mahali bomba linapopanuka hurudi likiwa wimbi la kanieneo pungufu, nalo likiikuta vali bado iko wazi husaidia kuinyonya mabaki ya moshi kutoka katika silinda. Katika moshi wenye nyuzi 500 sauti husafiri karibu mita 557 kwa sekunde. Bomba la silinda moja likiwa na urefu wa sentimita 90, wimbi litakwenda na kurudi kwa elfu 3.2 za sekunde. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa elfu 10 za sekunde. Urefu ukibadilishwa, saa ya wimbi kurudi hubadilika. Hesabu hiyo hufanyika katika mabomba membamba yaliyo karibu na injini. Sailensa iliyo mwishoni, ikiwa ina kipenyo cha kutosha, haina mengi ya kuipunguzia nguvu injini. Anayeing'oa sailensa amejipatia kelele na kuzidhania kuwa farasi.

Uingereza gari lililoundwa na mtu binafsi haliruhusiwi barabarani mpaka lipite ukaguzi maalumu wa gari mojamoja. Katika ukaguzi huo kipaza sauti huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na sauti isizidi desibeli 99. Waundaji hulalamika kwamba kiwango hicho ni kikali. Kwa maoni yangu kasoro yake ni nyingine: humlinda jirani na kumsahau aliyeketi ndani. Bomba la kawaida huishia nyuma kabisa ya gari, labda mita 3 kutoka sikioni. La pembeni huweza kuishia mita 1 tu. Mahali pa wazi, umbali ukipungua mara tatu nishati ya sauti huongezeka mara tisa, yaani desibeli 9 na nusu. Chukua gari lililopita ukaguzi kwa desibeli 99 kamili. Umbali ukiongezeka kutoka nusu mita hadi mita 1 tunaondoa desibeli 6, zinabaki 93. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza saa 8 kwa siku kwa desibeli 85, na muda huo ukatwe nusu kwa kila nyongeza ya desibeli 3. Kwa desibeli 93 muda unaobaki ni kama saa 1 na robo. Safari nyingi za Jumapili hupita hapo, na gari hili halina paa wala vioo vya kuizuia sauti.

Kaboni monoksidi nitaitaja kwa ufupi. Haina harufu wala rangi, nayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gari la wazi likienda hutengeneza nyuma ya kioo chake eneo la kanieneo dogo linalovuta hewa ya kando. Mdomo wa bomba ukiishia usawa wa kiti, hewa hiyo ni moshi. Basi mdomo huo uvuke kiti na uelekezwe nje.

Linabaki jambo la sailensa yenyewe. Zile za pembeni, kwa kuwa ni nyembamba, huwa na bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Sauti huingia katika nyuzi za pamba na kugeuka joto. Mwaka hadi mwaka pamba hiyo huungua na kupeperushwa, na gari lililopimwa desibeli 99 likiwa jipya halibaki hivyo. Ningependa kipaza sauti kiwekwe mara ya pili, kwenye kiti cha abiria usawa wa sikio, na namba itakayopatikana ibandikwe ndani ya gari mahali ambapo anayepanda ataisoma. Kifaa ni kilekile, mpimaji ni yuleyule, na mwenye gari akitaka kuijua hali ya pamba yake baada ya miaka mitatu atakuwa na namba ya kulinganisha.