Mbwa Asikumbukwe Siku ya Safari

Wako watumishi ambao, wapatapo masomo au uhamisho wa kwenda Ulaya, hukata tiketi kwanza, na mbwa wakamkumbuka wiki ya mwisho. Hilo ni kosa. Tanzania haimo miongoni mwa nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezisamehe kipimo cha damu kuhusu kichaa cha mbwa. Mnyama hana budi atiwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe. Damu itolewe baada ya siku zisizopungua 30, ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Ndipo ingojwe miezi 3 tangu ilipotolewa. Hiyo yapata miezi 4, wala hakuna ofisa wa kubembelezwa. Paka hali kadhalika. Asiyeweza kungoja amtafutie mnyama wake mlezi mapema, si kumtupia mlinzi wa zamu asubuhi ya kuondoka.