Barua pepe za ofisi zisiwe za mtu binafsi



Napenda kutoa maoni yangu juu ya tabia inayozidi kuota mizizi katika baadhi ya ofisi za umma, nayo ni tabia ya kuendesha shughuli za ofisi kwa kutumia anwani za barua pepe za watu binafsi. Wengi wanaliona hili kuwa jambo dogo. Mimi naona ndilo linalowafungulia matapeli mlango, na kwamba maonyo yote tunayopewa juu ya wizi wa mtandaoni hayatafua dafu iwapo ofisi zenyewe hazitajirekebisha.

Hebu msomaji atazame mbao za matangazo. Atakuta tangazo lenye nembo, mhuri na sahihi, lakini chini yake mwananchi anaambiwa atume vyeti vyake, nakala ya kitambulisho na namba yake ya simu kwenye anwani ya bure, ambayo mtu yeyote mwenye simu ya mkononi anaweza kufungua mfano wake kwa dakika chache. Mara nyingine anwani hiyo ni jina la ofisa mwenyewe na mwaka wake wa kuzaliwa. Tangazo ni la umma, lakini sanduku la barua ni la mtu.

Tapeli naye anafanya nini? Anafungua anwani ya bure inayofanana na ile, akiongeza herufi moja au namba moja. Kisha anawaandikia watu kwa jina la ofisi. Mtaani kwetu kijana mmoja aliyekuwa akitafuta kazi alipokea barua pepe ya namna hiyo ikimwita kwenye usaili na kumtaka atume kwanza shilingi 150,000 za fomu na uchunguzi wa afya. Wazazi wake walikopa, wakatuma. Usaili haukuwapo. Alipoulizwa kwa nini aliamini, alijibu kwamba hata tangazo la kweli la ofisi ile lilikuwa na anwani ya namna ile ile. Watu walimcheka, lakini jibu lake lilikuwa na mantiki kuliko vicheko vyao. Ofisi yenyewe ndiyo iliyomfundisha kwamba barua ya Serikali inaweza kutoka popote.

Inafaa wananchi waelewe jinsi barua pepe inavyofanya kazi. Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili kwa njia ya mtandao mwaka 1971, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mahali alipo. Mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni ya kupitisha barua hizo, ambayo ndiyo msingi wa ile inayotumika hadi leo. Wakati huo watumiaji walikuwa wachache, wengi wao wataalamu wa vyuo na maabara. Kanuni ile haikumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye anayedai kuwa. Ni sawa na bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina la mtumaji utakalo, na tarishi ataipeleka tu.

Matumizi mabaya nayo hayakuchelewa. Mwezi Mei 1978 ofisa masoko wa kampuni moja ya kompyuta nchini Marekani aliwatumia watu karibu 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba, nalo linahesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Yeye alitaka kuuza kompyuta tu. Waliofuata walitaka kuiba.

Wataalamu wameweka dawa. Ziko hatua tatu zinazojulikana kwa vifupisho SPF, DKIM na DMARC. Ya kwanza hutangaza ni mitambo ipi inayoruhusiwa kutuma barua kwa jina la ofisi fulani. Ya pili hugonga mhuri wa kidijitali ndani ya barua, kiasi kwamba ikichezewa njiani mhuri haukubali. Ya tatu humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyotimiza masharti hayo: aikatae, aiweke kando au aipokee. Ofisi yenye jina lake yenyewe mtandaoni, kama vile majina ya Serikali yanayoishia kwa go.tz, inaweza kujilinda kwa hatua hizo zote tatu.

Lakini ofisi inayotumia anwani ya bure haiwezi kujilinda hivyo. Mhuri unaogongwa kwenye barua yake ni wa kampuni ya kigeni inayotoa huduma ile, nao unathibitisha tu kwamba barua imetoka katika kampuni hiyo. Tapeli akifungua anwani yake hapo hapo, barua yake itagongwa mhuri ule ule, tena halali. Kwa mtambo, mkurugenzi na mwizi ni wateja wawili walio sawa. Tofauti na hapo, majina ya go.tz hayauzwi dukani kwa kila anayetaka. Hutolewa kwa taasisi za Serikali.

Hasara ya pili ni ya kumbukumbu. Waliofanya kazi masjala wanajua kwamba barua ya ofisi haikuwa ya mtu. Ilipoingia iliandikwa katika daftari, ikapewa namba, ikawekwa kwenye faili. Ofisa akihamishwa, faili lilibaki na mrithi wake alisoma yaliyopita. Leo ofisa akihamishwa kutoka Mtwara kwenda Kigoma, anaondoka na sanduku lote la barua mfukoni mwake. Mwananchi aliyeandika mwezi uliopita juu ya kiwanja chake au mafao yake anaambiwa aanze upya, kwa sababu neno la siri analo yule aliyeondoka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iliwekwa ili nyaraka za umma zitunzwe. Zitatunzwa vipi iwapo ziko katika simu ya mtu?

Si kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kughushi, kudanganya kwa kutumia kompyuta, kujifanya mtu mwingine, na kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mambo hayo serikalini, na mfumo wa barua pepe wa Serikali upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nayo hupokea maombi ya kazi kwa mfumo wake yenyewe wa mtandaoni. Kwa hiyo njia njema inajulikana. Kinachokosekana kwa baadhi yetu ni nidhamu ya kuifuata.

Najua majibu yatakayotolewa. Wako watakaosema kwamba anwani ya ofisi husumbua, sanduku hujaa, na mtu akisahau neno la siri hukaa wiki nzima bila kusaidiwa. Wengine watasema kwamba ofisi ya kata au shule iliyoko mbali haijawahi kupewa anwani yoyote, na kazi haiwezi kusubiri. Malalamiko haya ni ya kweli na hayafai kupuuzwa. Lakini ofisa ambaye kabati lake la mafaili halifungi vizuri hapeleki mafaili nyumbani kwake; anadai kabati litengenezwe. Na mtendaji wa kata asiye na anwani hastahili karipio, bali anastahili kupewa anwani.

Wako pia watakaosema kwamba hata anwani ya Serikali inaweza kuibwa. Ni kweli. Mtumishi akimpa mwenzake neno la siri, au akilibandika ukutani, au akilitaja katika ukurasa wa uongo aliotumiwa na tapeli, anwani ya go.tz itageuka silaha mkononi mwa mwizi. Tena jina linaloonekana juu ya barua linaweza kuwa la mkurugenzi wakati anwani iliyojificha nyuma yake ni nyingine kabisa. Ndiyo maana penye fedha anwani pekee haitoshi.

Tuchukue mfano wa nje. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili huko Latvia kampuni yenye jina sawa na la kiwanda cha Asia kilichokuwa kikiziuzia vifaa Google na Facebook. Zikatumwa barua pepe na ankara za uongo, na kampuni hizo mbili, zenye wataalamu wa kompyuta wasiohesabika, zikalipa zaidi ya dola milioni 100 katika akaunti zake. Mwezi Desemba 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilieleza kwamba kwa mwaka 2023 pekee hasara iliyoripotiwa kwake kutokana na utapeli wa namna hii wa barua pepe za kibiashara ilikuwa dola bilioni 2.9. Ikiwa Google walilipa, mweka hazina wa chama cha ushirika au wa shule atapona kwa lipi?

Atapona kwa kupiga simu. Barua ikisema akaunti ya benki imebadilika, asilipe kwanza. Apige simu kwa namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo hiyo, aongee na mtu anayemfahamu. Wala asikubali kuharakishwa, maana haraka ndiyo chombo kikubwa cha tapeli.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Si vizuri kumsambazia kila mtu barua ya onyo au ya bahati nasibu ambayo hatujui ilikotoka. Anayewaandikia watu 200 kwa mara moja asiziache anwani zao wazi kila mmoja azione. Atumie nakala iliyofichwa. Na anayetumia kompyuta ya ofisi au ya kibanda cha intaneti aifunge anwani yake kabla ya kuondoka, kama anavyofunga mlango wa nyumba.

Kwa upande wa ofisi, napendekeza mambo manne. Kwanza, kila ofisi ya umma inayohudumia wananchi, hadi ngazi ya kata na shule, ipewe anwani rasmi ya cheo, si ya jina la mtu, ili mrithi akabidhiwe pamoja na funguo na mafaili. Pili, tangazo lolote lenye anwani ya bure lisigongwe mhuri wala kubandikwa. Tatu, anwani hizo zisomwe kila siku ya kazi na zijibiwe, kwa sababu anwani rasmi isiyojibu ndiyo inayomsukuma mwananchi kuomba ile ya pembeni. Nne, kila ofisi iandike wazi ukutani kwamba haiombi fedha kwa barua pepe, na itaje namba ya simu ya kuulizia.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kigeni. Tumekuwa tukiwaambia wananchi kila siku wawe macho na matapeli, na ni vizuri. Lakini jicho haliwezi kutofautisha vitu viwili vilivyofanywa vifanane. Wakati ofisi zote zitakapoandika kwa anwani zao halali, hata bibi kijijini ataweza kumwambia mjukuu wake kwamba hii si ya Serikali, usitume hela. Leo hawezi kusema hivyo, na kosa si lake.

Wahusika mnasemaje?

Karani mstaafu wa masjala,
Morogoro.