Kupandikiza uboho: mfamasia si muuza dawa tu

Katika jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi kuna mtoto wa SS, ugonjwa ambao waganga wanaita drepanositoze. Jamaa hizo zinajua usiku wa maumivu ya mifupa, zinajua kukimbia kutafuta damu, zinajua bei ya kila kipimo. Zikisikia kwamba mtoto anaweza kupona kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, zinauliza mambo mawili: ni feza ngapi, na muganga ni nani? Swali la tatu linasahauliwa: ni nani atakayesimamia dawa?

Swali hilo linahusu Congo sana. Inchi hii iko pamoja na Nigeria na India kati ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na SS. Na matibabu hayo hayako tena Ulaya na India peke yake. Jirani, katika Tanzania, hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kupandikiza uboho kwa watoto wenye ugonjwa huo mwaka 2023.

Wengi wanawaza kwamba kupandikiza uboho ni kazi ya kisu. Sivyo. Kwa mgonjwa, uboho mpya unaingia kupitia mshipa, kama vile mtu anavyoongezewa damu. Kazi nzito inafanywa na dawa, na hapo ndipo mfamasia bingwa anaingia.

Kwanza, uboho wa zamani unapaswa kuondolewa. Dawa moja inayotumiwa sana ni busulfan. Ikiwa kidogo, mwili unaweza kukataa uboho mpya. Ikizidi, inaweza kuharibu ini na hata kuua. Mfamasia anapiga hesabu kwa kufuata kilo za mtoto, anafuata kiasi cha dawa kilicho ndani ya damu pale vipimo vinapokuwapo, na anahakikisha kwamba mtoto amekwisha kupewa dawa ya kuzuia degedege, kwa sababu busulfan inaweza kuileta.

Kisha inakuja miezi ya ciclosporin ama tacrolimus, dawa zinazozuia uboho mpya usishambulie mwili wa mgonjwa. Kiasi chake ndani ya damu kinapimwa mara kwa mara, na damu inatolewa mbele ya kumeza dawa ya asubuhi. Mama akimpa mtoto dawa saa kumi na mbili, kisha damu ikatolewa saa mbili, kipimo kitaonyesha dawa nyingi kupita ukweli. Muganga atapunguza dawa bila sababu, na mtoto ataingia hatarini. Kosa dogo kama hilo linazuiwa na mtu mwenye kukaa na mama na kumuelezea vizuri.

Hatari haiishii hospitali. Tuseme mtoto amerudi kutoka India na mfuko wa dawa, kisha anapata homa. Jamaa inaenda kwenye farmasi ya kona. Hapo anapewa erythromycin, ambayo inapandisha ciclosporin ndani ya damu, ama anachomwa gentamicin, ambayo pamoja na ciclosporin inaumiza figo. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu inayojulikana sana hapa, inafanya kinyume: inashusha ciclosporin mpaka kinga inapotea. Na majani ya kienyeji, nani anajua yatafanya nini? Matibabu yaliyokula nyumba na shamba la jamaa yanaweza kuharibika kwa dawa ya franga kidogo.

Ndiyo maana Ulaya, masharti ya JACIE kwa vituo vya kupandikiza uboho yanataka mfamasia aliyefundishwa kazi hiyo awe ndani ya kikundi cha matibabu. Muganga anamtazama mgonjwa. Mfamasia anaitazama kila dawa na namna inavyokutana na nyingine. Macho ya pili yanaokoa.

Kuna watakaosema: inchi iko katika vita, hospitali zinakosa hata dawa ya homa, sasa mfamasia bingwa wa nini? Neno hilo lina uzito. Lakini ujuzi huo haungoji uboho. Hydroxyurea, dawa inayopunguza maumivu ya watoto wa SS leo, inaomba kupima kilo na kufuatilia chembe za damu. Wagonjwa wa kansa, wa kifua kikuu na wa virusi vya UKIMWI wanahitaji jicho lile lile. Inchi yenye dawa chache ndiyo inayopaswa kuogopa zaidi kuzitumia vibaya.

Vyuo vikuu vinavyofundisha ufamasia, kama vya Lubumbashi na Kinshasa, viwatume wanafunzi wao karibu na vitanda vya wagonjwa. Hospitali kubwa zimtoe mfamasia kwenye depo ya dawa na kumuingiza katika mazungumuzo ya waganga kila asubuhi. Serkali ikiwatuma waganga kujifunza inje, iwatume na wafamasia.

Na jamaa inayosafiri na mtoto isikubali kurudi bila karatasi yenye majina ya dawa zote, saa za kuzimeza, dawa za kuepuka na namba ya simu ya mfamasia wa hospitali ile. Karatasi hiyo iwe mkononi kila mara mtoto anapopelekwa kwa muganga mwingine.

Feza za kupandikiza uboho zinaweza kuchangwa kanisani, msikitini na kwa ndugu walio Ulaya. Lakini mtu wa kulinda kazi hiyo kisha mtoto kurudi nyumbani hachangwi. Anafundishwa, na kumfundisha kunaomba miaka. Heri ianze sasa.