Uwanja wa Juu Zaidi Uingereza Ungekuwa Bondeni Hapa Kwetu

Wasee, swali la leo. Kati ya klabu 92 za ligi nne za juu za Uingereza, ni gani yenye uwanja ulio juu zaidi kutoka usawa wa bahari?

Juzi niliuliza hivyo kwenye kibanda cha mpira hapa Kitale tukingoja mechi ianze. Mmoja akasema Old Trafford. Mwingine akasema Anfield, eti kwa sababu Liverpool wako juu ya wengine. Hakuna aliyepata. Jibu ni The Hawthorns, nyumbani kwa West Bromwich Albion, karibu na Birmingham. Futi 551, yaani kama mita 168.

Sasa tulia usikie. Kitale iko karibu mita 1,900. Chukua The Hawthorns 11, uzipange moja juu ya nyingine kuanzia baharini, na bado hujafika Kitale. Bungoma, ambayo sisi wa Kitale huiita kule chini kwenye joto, iko karibu mita 1,400. Hiyo ni The Hawthorns nane, na chenji inabaki.

Na si viwanja peke yake. Scafell Pike, mlima mrefu zaidi England, una mita 978. Ben Nevis kule Scotland, unaoshinda milima yote ya visiwa vile, una 1,345. Maana yake ni kwamba mama mboga wa hapa Kitale anakatakata sukuma akiwa juu kuliko kilele chochote cha Uingereza, na wala hajavaa viatu vya kupanda mlima.

Ukitaka kinyume chake, nenda Grimsby Town. Uwanja wao, Blundell Park, uko kandokando ya bahari, karibu kabisa na usawa wa maji. Cha kuchekesha ni kwamba hauko hata Grimsby, uko mji wa jirani unaoitwa Cleethorpes. Timu inacheza nyumbani ikiwa ugenini!

Kibanda kizima kilicheka. Halafu nikauliza swali la pili: uwanja wa Kanduyi pale Bungoma umepewa jina la nani? Kimya. Bana, jina ni Masinde Muliro. Mzee wetu, mwanasiasa wa huku huku. Watu wanaojua kipa wa tatu wa Arsenal walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka Jumamosi moja.

Nilikuwa nasoma Bungoma, nikichezea timu ya mtaa, winga wa kulia. Tulipanda matatu kuja Kitale kucheza: Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, barabara inapanda tu. Kipindi cha kwanza tulitesa. Kufika dakika ya 70, maze, kifua kilikuwa kinawaka. Tulikuwa tumepanda mita 500 asubuhi hiyo. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa tano, kwa hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Mpira nao hauzuiwi sana na hewa, unaruka mbali kuliko ulivyozoea. Tulichapwa mawili ya mwisho mwisho. Sisemi ni mwinuko pekee, kocha wetu alisema ni chapati za njiani. Lakini wenyeji walikuwa bado wanakimbia.

Kilichoniuma si kufungwa. Ni kwamba mechi ilianza saa tisa unusu, wakati uleule timu kubwa ya London ilikuwa inacheza. Watazamaji wetu hawakufika 40, ukihesabu na wauza njugu. Kibanda cha ng'ambo ya barabara kilikuwa kimejaa hadi mlangoni, watu wamelipa. Sisi tulikuwa bure. Straika wetu, kijana aliyekuwa na mguu wa kushoto hatari, alifunga bao zuri sana siku hiyo. Shangwe ikalipuka, akageuka na mikono juu. Ilikuwa ya kibandani. Msimu uliofuata aliacha mpira, siku hizi anaendesha boda.

Wengine wanajua thamani ya mwinuko wao. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu sana. Bolivia walikataa katakata, kwa sababu uwanja wao wa La Paz uko zaidi ya mita 3,600. Walipigania nyumbani kwao hadi marufuku ikaondolewa 2008. Mwaka uliofuata Argentina ya Maradona ikapanda huko na Messi wake, ikapigwa 6-1.

Na hapa karibu, Iten, karibu mita 2,400, Waingereza wenyewe hupanda ndege kuja kutafuta hewa yetu. Mo Farah alifanya mazoezi pale. Wao wanakuja kwetu kujenga mapafu, sisi tunakaa kwenye mapafu hayo tukitazama wao wakikimbia.

Usinielewe vibaya, mimi pia nina timu yangu kule na nitaitazama wikendi hii. Kipaji pia hakitoki kwa hewa peke yake, kinahitaji uwanja usio na mashimo na watu wa kushangilia. Lakini vipaji tunavyo. St. Anthony's ya Kitale imekuwa bingwa wa taifa wa soka ya shule zaidi ya mara moja. Wasichana wa Wiyeta nao wametikisa nchi. Nzoia Sugar ya Bungoma ilicheza Ligi Kuu kwa miaka. Kinachokosekana ni sisi, na kibanda kinajua hivyo vizuri.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mechi moja kwa mwezi, toka kibandani, vuka barabara. Kijana akifunga, hakikisha shangwe anayosikia ni yake.

Na wewe, uwanja wa mtaani kwenu uko mita ngapi? Pima na simu, uniambie. Mshindi namnunulia chapati, lakini ale baada ya mechi.