Kutapika baada ya upasuaji: tusiwasingizie wanene



Hapa Nyarugusu, mama mnene akitapika baada ya upasuaji, utasikia majirani wakisema: "Ni yale mafuta yanamsumbua." Kwa maoni yangu maneno haya yanaumiza watu, na tena si ya kweli.

Zamani hata madaktari wengi waliamini kwamba unene huleta kichefuchefu baada ya upasuaji. Mwaka 2001 watafiti walizichambua kwa pamoja tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa jambo hilo. Kwa mgonjwa aliyepewa nusu kaputi, yanayojulikana ni mambo 4: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika safarini au baada ya upasuaji mwingine, na kupewa dawa za maumivu za jamii ya mofini. Kwa wasio na hata moja, hupatwa kama mtu 1 kati ya 10. Kwa wenye yote 4, karibu watu 8 kati ya 10. Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa na ganzi ya mgongoni, mara nyingi hutapika kwa sababu presha imeshuka ghafla.

Hii haina maana tuanze kuvuta sigara! Sigara huharibu mapafu na kuchelewesha kidonda kupona.

Je, uzito hauna maana? Unayo. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo, na mtu mnene sana huweza kupata shida ya kupumua au kidonda kuingia vijidudu. Kwa hiyo ukiambiwa panda mizani, panda bila aibu. Lakini anayejinyima chakula wiki nzima ili "asitapike" anajidhoofisha bure. Kaa bila kula kwa saa zile tu ulizoelekezwa na wauguzi.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya upasuaji mwambie muuguzi kama hutapika kwenye gari au kama ulitapika mara iliyopita. Zipo dawa za kuzuia. Pili, ukitapika usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Kutapika sana hukausha maji mwilini na kuvuta mshono. Na ukiwa umesharudi nyumbani, kama tumbo linavimba, una homa au huwezi kunywa, rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Na sisi majirani, tumpelekee mgonjwa uji, tusimpelekee maneno.