Nani Atalipia Kipimo cha Damu?

Mtoto aliposhikwa na homa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulio Mikindani, Mombasa, mama yake alimfunga mgongoni, akaenda zahanati na kurudi na dawa ya malaria. Homa iliporudi, akapewa ya taifodi. Huku nyuma, maji machafu yalikuwa yakitiririka kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na nyumba, na mvua iliponyesha watu walikinga maji kwenye mabati yaliyokwisha kushika vumbi la moshi wake. Wakazi walijua kuna kitu kinachowaumiza. Hawakuwa na karatasi ya kukithibitisha.

Karatasi hiyo ilipatikana kwa uchungu wa mzazi. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, awe kiungo kati yake na jamii. Mwanawe aliyekuwa bado ananyonya akaugua, akatibiwa hili na lile bila nafuu, hadi damu yake ilipopimwa na kukutwa na madini ya risasi. Omido akaacha kazi. Akatafuta watoto wengine watatu wa mtaani, nao wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Kuanzia siku hiyo manung'uniko ya kisimani yaligeuka kuwa madai. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa mtoto hushambulia ubongo unaokua, na kilichoharibika humo hakitengenezeki.

Yaliyofuata yanajulikana. Wakazi waliandamana, Omido akakamatwa mwaka 2012, akashtakiwa, akaachiliwa na mahakama. Walitishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ikawasilishwa mwaka 2016, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, sehemu kubwa ya lawama ikiangukia taasisi za serikali, Wizara ya Afya ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ilikuwa imepita takriban miaka 15 tangu damu ile ya kwanza ipimwe. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati huo alikuwa amekwisha kubalehe.

Tunawapongeza wakazi wa Owino Uhuru kwa dhati. Lakini ushindi wao usitufanye tusahau jinsi ulivyokaribia kukosekana. Kama mama mmoja hangefanikiwa kumpima mwanawe, watoto wale wangeendelea kumeza dawa za malaria ambayo hawakuwa nayo. Kati ya mtaa unaougua na mtaa unaosikizwa pana cheti cha maabara, na kwa familia inayoishi kwa kibarua cha siku, bei ya cheti hicho ni chakula cha siku kadhaa.

Ndiyo maana tunasema kaunti zetu zianze hapo. Kikundi cha wakazi kilichosajiliwa kikiandika barua kwamba watu wake wanaugua kwa namna isiyoeleweka, afisa wa afya ya umma awe na wajibu wa kufika, kuchukua sampuli za damu, maji na udongo, na kurudisha majibu kwa maandishi, yenye muhuri, katika muda uliotajwa. Gharama iwe ya kaunti. Majibu wapewe wakazi wenyewe, wasiambiwe faili iko Nairobi.

Msingi wa sheria upo tayari. Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua haki ya afya katika Kifungu cha 43 na ya mazingira safi katika Kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai wa mtu, ni saa 48. Saa 48! Ni wazee wangapi wa mtaa, ni kina mama wangapi wa chama, wamewahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote?

Wafadhili nao wabadili mkono. Pesa nyingi za kuwajengea wananchi uwezo huishia kwenye kumbi za hoteli. Kikundi kinachopigania afya ya mtaa wake kina mahitaji madogo yasiyopendeza kwenye ripoti: kodi ya chumba chenye kabati la kufungia faili, nauli ya kupeleka sampuli maabara, pesa ya kutoa nakala, wakili wa kupigiwa simu polisi wakibisha hodi usiku. Na daftari. Daftari lenye tarehe, nyumba, dalili na mahali mtoto anapochezea, likijazwa kila wiki na mama anayeaminika mtaani, daktari atalisoma na hakimu pia atalisoma.

Kina mama wa kulijaza wapo. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba na mfuko wenye kipimo cha presha na cha sukari. Wao ndio huona mapema kwamba nyumba tatu zilizofuatana zina watoto wanaokohoa. Waagizwe kuandika pia moshi unatoka wapi na maji ya kisima yamebadilika rangi lini, na wakiandika wasiadhibiwe. Marupurupu yao ya Sh5,000 kwa mwezi yalipwe kwa wakati.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kabla ya Aprili kuisha, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Vikundi vya Jomvu, Changamwe na kila mtaa uliopakana na ukuta wa kiwanda viende kwenye vikao hivyo na ombi moja lililoandikwa: fungu la vipimo vya wakazi, lenye jina lake na kiasi chake. Mwakilishi wa wadi atakayelipinga asimame alipinge mbele yao.